Namba 128 na dashibodi isiyonisikia

Kwa siku tatu mfululizo, kila nilipowasha vifaa vyangu mezani, kioo cha kompyuta kilinionyesha namba moja tu: 128. Nilibadilisha programu, nikabadilisha nyaya, nikahamisha hata kebo ya USB kutoka tundu moja hadi jingine, lakini namba ilibaki palepale kama ngalawa iliyoachwa mchangani na maji kupwa, na mshale wa spidi ukalala kwenye sifuri bila kutikisika. Niliichukia sana namba hiyo. Ilinichukua muda kutambua kwamba, kati ya vitu vyote vilivyokuwa mezani, ni hiyo peke yake iliyokuwa ikinieleza kilichoharibika, ila mimi sikujua kuisoma.

Meza ninayoizungumzia iko uani mwa gereji ya mjomba wangu hapa Mikindani, Mtwara. Mjomba ni fundi umeme wa magari tangu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, zama ambazo gari lililotoka Dar es Salaam kuja Kusini lilivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na kazi inayomuudhi kuliko zote siku hizi ni ya dashibodi. Dashibodi ya mteja ikifa, nyingine iliyotumika huagizwa Dar es Salaam, nayo hufika kwa basi ikiwa imefungwa kwenye boksi na magazeti, bila mtu yeyote kujua kama ni nzima. Ili kuijaribu, fundi hana budi kufungua kava la usukani, kuchomoa ile mbovu, kufunga hii mpya, na kumwomba Mungu. Ikiwa nayo ni mbovu, jasho lote limepotea bure, na mteja aliyesimama pembeni anaanza kumtazama fundi kwa jicho la shaka. Nilimwahidi mjomba kwamba nitamtengenezea kifaa cha kuijaribu dashibodi mezani, bila gari, kwa kutumia maikrokontrola ya bei ndogo, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, ubao wa plaiwudi na betri ya pikipiki. Nilisema wiki moja itatosha. Kwetu huku ahadi kwa mjomba si jambo la kutamkwa ovyo, na ndiyo maana nilijuta baadaye kwamba nilitaja muda.

Dashibodi niliyoanza nayo ni ya Toyota ndogo ya mwaka 2008. Katika magari ya zamani mshale wa spidi ulivutwa na kebo ya chuma iliyotoka kwenye giaboksi, na aliyetaka kuujaribu alitosha kuizungusha kebo kwa mkono. Katika gari hili hakuna kebo. Plagi ya nyuma ya dashibodi ina waya wa betri, waya wa swichi ya funguo, waya wa ethi (upande wa hasi), nyaya chache za taa na geji, kisha nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja kama ukili. Hizo mbili ndizo njia ya CAN. Kupitia hapo kontrolo boksi ya injini, kompyuta ya breki na dashibodi huongea zamu kwa zamu, kila mmoja akisikia yote yanayosemwa. Utaratibu huu ulibuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani, iliyoanza kazi hiyo mwaka 1983 na kuutangaza hadharani huko Detroit, Marekani, mwaka 1986, kwa lengo la kupunguza mzigo wa nyaya uliokuwa ukiongezeka kila gari lilipoongezewa kifaa kipya.

Kwa upande wangu nilikuwa na Arduino Uno, ndiyo maikrokontrola yenyewe, pamoja na ile moduli ndogo ya bluu ya kuongea na njia ya CAN, ambayo karibu kila mtu huanza nayo. Juu yake kuna chipu mbili zenye kazi tofauti kabisa, na kutozitofautisha ndiko kunakowapotosha wengi, mimi nikiwemo. Ya kwanza, MCP2515, hupokea maagizo kutoka kwa Arduino kwa njia ya SPI, yaani nyaya chache za kuongea chipu kwa chipu, huupanga ujumbe, hungoja zamu na kuhesabu makosa. Ya pili, TJA1050, haijui lolote kuhusu ujumbe. Kazi yake ni kuugeuza kuwa volti. Njia ikiwa kimya, nyaya zote mbili hukaa karibu na volti 2.5. Mtu anapozungumza, waya wa CAN-H hupanda hadi karibu 3.5 na waya wa CAN-L hushuka hadi karibu 1.5, na msikilizaji huisoma tofauti iliyopo baina yao, jambo linaloufanya mfumo uvumilie kelele za umeme wa injini.

Siku ya kwanza nilijipongeza mapema. Niliiweka chipu katika hali ya kujisikiliza yenyewe, nikatuma ujumbe, nikaupokea bila kasoro, nikahitimisha kwamba upande wangu ni mzima na tatizo liko kwenye dashibodi. Hitimisho hilo lilikuwa la kipuuzi. Katika hali hiyo ujumbe hauvuki ukuta wa MCP2515. Haufiki kwenye TJA1050, wala kwenye waya, wala kwenye plagi. Nilichokuwa nimethibitisha ni kwamba Arduino na chipu ya kwanza wanaelewana, basi. Kosa la pili lilifanana na hilo: maktaba ya programu niliyoitumia, yaani programu iliyoandikwa tayari ya kuiendesha moduli, ilinirudishia jibu kwamba ujumbe umetumwa, nami nikaliamini, ilhali maana yake ilikuwa kwamba ujumbe umewekwa kwenye sanduku la kutokea. Barua iliyotumbukizwa kwenye sanduku la posta haijafika kwa mwenyewe.

Nilipochoka kubahatisha ndipo niliposoma maelezo ya MCP2515 kwa utulivu, nikaanza kuchapisha kwenye kioo kihesabu cha makosa ya kutuma, ambacho chipu hukitunza katika rejista yake, yaani kijisehemu cha kumbukumbu ndani yake. Hapo ndipo 128 ilipojitokeza.

Ili namba hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke kwamba katika njia ya CAN hakuna anayezungumza peke yake. Kila ujumbe una nafasi ya biti moja, yaani alama moja ya 0 au 1, karibu na mwisho wake, ambayo mtumaji huiacha wazi kwa makusudi ili mwingine yeyote aliyeupokea ujumbe vizuri aijaze kwa kuitika. Ni kama mtu anayepiga hodi: haingii ndani mpaka asikie "karibu". Asipoitikiwa hata na mmoja, chipu hulihesabu hilo kuwa kosa, hukiongeza kihesabu kwa 8, kisha huutuma ujumbe uleule upya. Makosa 16 yakifuatana, kihesabu hufika 128, na kuanzia hapo chipu huhesabiwa kuwa ni mwenye mashaka, hivyo hunyang'anywa uwezo wa kuwakatiza wengine. Yapo makosa ya aina nyingine yanayoweza kukipandisha kihesabu kupita 255, na hapo chipu hulazimika kujitoa njiani kabisa. Lakini waliouandika utaratibu huu waliweka msamaha mmoja wenye busara: kosa la kutoitikiwa haliruhusiwi kukipandisha kihesabu zaidi ya 128. Walijua kwamba gari linapowashwa kuna kifaa kitakachoamka kabla ya wenzake, kikaita na kuita bila kujibiwa, na haingekuwa haki kukifukuza kwa kosa la kuwahi.

Kwa hiyo 128 iliyoganda ina maana mahususi sana. Haisemi kwamba nimeandika ujumbe vibaya, wala kwamba namba ya utambulisho si sahihi. Inasema: nimebisha hodi, na nyumbani hamna mtu.

Baada ya kulielewa hilo nililiacha faili la programu, nikashika mita. Nilizima umeme wote, nikapima ukinzani kati ya CAN-H na CAN-L kwenye skrubu za moduli. Njia ya CAN hutakiwa kuwa na resista ya ohmu 120 katika kila mwisho, ili mawimbi yasigonge mwisho wa waya na kurudi, na mbili hizo zikiwa sambamba mita husoma ohmu 60. Moja ilikuwa kwenye moduli yangu, kwa kuwa nilikuwa nimeifunga jampa yake, kile kipini cha kuiunganisha. Nyingine nilikwisha kuipima ndani ya dashibodi kwenyewe, kwa kugusisha ncha za mita moja kwa moja kwenye pini zake, kabla sijaunganisha chochote. Nilitegemea 60. Mita ilisoma 120, yaani resista ya dashibodi ilikuwa haionekani kutoka mezani kwangu, na waya uliokuwa unaonekana kufika ulikuwa haufiki.

Niliichomoa plagi nikaiinamishia mwanga wa dirishani. Ndani ya tundu la CAN-L, shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani, mwembamba kama vumbi la chaki, ule ambao kila anayeishi karibu na chumvi ya bahari ameuona kwenye kitasa, kwenye soketi au kwenye betri ya redio. Kwa jicho la kupita pini ilikuwa imeingia barabara. Nililikwangua tundu kwa ncha ya sindano iliyozungushiwa msasa laini, nikalipangusa kwa spiriti, nikarudishia plagi na kupima tena: 61. Siku zote hizo za kuandika na kufuta programu ziliishia kwenye ukungu ambao haungejaza ukucha wa mtoto.

Nilipowasha, 128 iliondoka, lakini furaha yangu haikudumu. Kihesabu sasa kilikuwa kinapanda kwa kasi, kinapotea, kinarudi sifuri na kupanda upya. Chipu ilikuwa inatolewa njiani, inarejea, inatolewa tena. Ingawa hali hii ilionekana mbaya zaidi kuliko ile ya kwanza, ilikuwa hatua ya mbele, kwa sababu ili ufukuzwe ni lazima pawe na mtu wa kukufukuza. Dashibodi ilikuwepo njiani, ila hatukuwa tunaelewana.

Jioni hiyo mjomba alipita kutoka msikitini, akaitikia shikamoo yangu, akasimama akiitazama meza huku akipuliza kahawa. Nilianza kumweleza habari za rejista. Alinisikiliza kwa adabu kwa muda wa kutosha, kisha akaelekeza kidole kwenye betri ya pikipiki, akakihamishia kwenye kompyuta yangu.

"Mpwa wangu, dashibodi inakula betri ile, na kidude chako kinakula kompyuta hii. Ethi zao zimekutana wapi?"

Hazikuwa zimekutana popote. Nilikuwa nimeamini kwamba, kwa vile msikilizaji husoma tofauti ya nyaya mbili, waya wa tatu hauna kazi. Kwenye karatasi hoja hiyo inaelekea kuwa kweli, lakini chipu ya TJA1050 huisoma tofauti hiyo pale tu ambapo volti zenyewe haziko mbali sana na ethi yake, na vifaa viwili visivyo na ethi ya pamoja vinaweza kuelea mbali kiasi chochote. Mjomba hakuihitaji nadharia hiyo. Alikata kipande cha waya mweusi, akakimenya kwa meno, jambo ambalo huwakataza vijana wake kila siku, akaunganisha hasi ya betri na pini ya ethi ya Arduino. Nilipima CAN-H kwa ethi, kisha CAN-L kwa ethi, na zote sasa zilizungukazunguka 2.5 kama inavyotakiwa, ilhali kabla ya hapo masomo yalikuwa yakiyumba bila mpangilio.

Kihesabu, hata hivyo, kiliendelea kupanda na kuanguka. Ethi ilikuwa kosa la kweli, lakini halikuwa kosa pekee, na ninalisisitiza hili kwa sababu ni rahisi sana, ukishapata kasoro moja na kuitengeneza, kuirudisha nyuma kasoro hiyo baada ya dakika tano ukidhani haikuhusika.

Kilichobaki kwa dhana yangu kilikuwa ni kasi. Njia kuu ya CAN katika magari mengi madogo hupitisha kilobiti 500 kwa sekunde, na ndiyo kasi niliyoiandika kwenye programu. Kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa hekima, nilianza kujaribu kasi zote zilizomo kwenye orodha: 125, 250, 500. Zote zilikataa. Nilipoandika 1000, kihesabu kilibaki sifuri na hakikupanda tena. Niliitazama ile sifuri kwa muda mrefu. Mshale haukusogea, lakini kila ujumbe niliotuma ulikuwa unaitikiwa, na hilo halikuwa na mantiki, kwa sababu sikutarajia hata kidogo dashibodi ya mwaka 2008 izungumze kwa kilobiti 1000. Kitu kinachofanya kazi bila sababu inayojulikana hunisumbua kuliko kinachokataa, na usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi niliwasha tochi ya simu nikaisogeza moduli karibu na macho. Pembeni ya MCP2515 kuna kikopo kidogo cha bati kinachong'aa, mviringo wake umebinywa pande mbili, urefu wake kama wa korosho iliyobanguliwa. Hiyo ndiyo kristali, moyo unaoipigia chipu saa. Mgongoni mwake kulikuwa na maandishi yaliyopigwa muhuri, madogo kiasi kwamba nililazimika kuinamisha mwanga ili yatoe kivuli: 8.000. Kristali yangu ilikuwa ya megahezi 8. Maktaba ya programu, nisipoielekeza vinginevyo, huchukulia kwamba ni ya megahezi 16, na hukokotoa muda wa kila biti kwa dhana hiyo. Saa ikiwa inatembea nusu ya mwendo unaodhaniwa, kila kasi unayoiandika hutoka nusu. Nilipoandika 500, waya ulibeba 250. Nilipoandika 1000, waya ulibeba 500, na dashibodi ikaitika. Niliongeza neno moja kwenye mstari wa kuanzisha moduli, kuieleza maktaba kwamba kristali ni ya megahezi 8, nikairudisha kasi kuwa 500, na mambo yakakaa sawa kwa sababu niliyoifahamu. Ningeweza kuiacha 1000 na kuendelea na kazi, lakini anayekuja kununua moduli nyingine yenye kristali ya 16 angelipia uvivu wangu.

Sasa kihesabu kilikuwa sifuri na mshale bado umelala. Hapa nilijifunza kwamba kuitikiwa si kueleweka. Ile biti ya kuitika "karibu" hujazwa na yeyote aliyeupokea ujumbe bila hitilafu, hata kama yaliyomo hayamhusu wala hatayatumia. Dashibodi ilikuwa inasikia kila neno langu, na kwa upande wake nilikuwa ninaropoka tu, maana sikujua ni ujumbe wa namba gani hubeba spidi.

Jawabu lilikuwa ndani ya gari zima la aina hiyohiyo, na bahati nzuri mteja mmoja wa mjomba alikuwa nalo na akaridhia. Chini ya usukani kuna soketi ya uchunguzi, ambamo pini ya 6 ni CAN-H, ya 14 ni CAN-L, na ya 5 ni ethi. Kabla ya kuchomeka nilifanya mambo mawili ambayo nisingependa mtu ayasahau kwenye gari la mwenzake. Niliitoa jampa ya resista kwenye moduli, kwa kuwa gari lina resista zake mbili tayari na ya tatu ingeshusha ukinzani hadi ohmu 40; na niliiweka MCP2515 katika hali ya kusikiliza tu, ambamo haitumi, haikatizi, na hata haiitikii. Mgeni kwenye baraza la watu hukaa kimya.

Gari likiwa limesimama, swichi imewashwa na injini imezimwa, jumbe zilimiminika. Namba zake huandikwa kwa mfumo wa msingi wa 16, ambamo baada ya 9 huja A hadi F. Ujumbe wenye utambulisho 0B4 ulinivutia kwa utulivu wake: baiti nane (kila baiti ni biti nane), saba za kwanza zote 00, na ya mwisho BC. Kisha mjomba alishika usukani, nami nikakaa kando yake na kompyuta mapajani, tukatoka taratibu kando ya ghuba kuelekea mjini, na kila alipobadilisha mwendo aliutaja kwa sauti kama utingo anayetaja vituo. Alipotamka arobaini, baiti ya sita na ya saba za ujumbe wa 0B4 zilikuwa 0F na A0. Ukizisoma pamoja kama namba moja unapata 4000, na ukigawanya kwa 100 unapata 40.

Tuliporudi mezani niliuandika ujumbe wenye 0F A0, nikaweka BC mwishoni kama nilivyoiona, nikatuma kila baada ya milisekunde 20. Mshale haukusogea. Niliirudia rekodi ya safari nikaona kwamba baiti ya mwisho haikuwa BC isipokuwa gari liliposimama. Barabarani ilikuwa inarukaruka, kila mstari na yake, bila uhusiano wowote na spidi niliouona mwanzoni. Mahali pa kuanzia palikuwa ni pale ambapo kila kitu kingine kilikuwa sifuri. Kama baiti saba zote ni 00, hiyo BC imetoka wapi? BC ni 188. Utambulisho wa ujumbe, 0B4, ni 180. Na urefu wa ujumbe ni baiti 8.

Niliziandika namba hizo tatu kwenye boksi la moduli kwa kalamu ya wino, nikazitazama, nikacheka peke yangu hadi kijana wa gereji akaja kuuliza kulikoni. Baiti ya mwisho ni ya uhakiki: ni jumla ya utambulisho, urefu na baiti saba zilizotangulia, na jumla hiyo ikizidi 255 hupunguzwa 256, tena na tena ikibidi. Nilijaribu mstari mmoja wa safarini ambao ulikuwa na 2C katika baiti ya tano, 0F katika ya sita na A0 katika ya saba: 180 na 8 na 44 na 15 na 160 ni 407, toa 256 unapata 151, ambayo kwa msingi wa 16 ni 97. Mstari uliishia na 97. Nilijaribu mingine kumi, yote ikakubali. Kwa ujumbe wangu wa mezani, ambao baiti yake ya tano niliiacha 00, jumla inakuwa 363, na ukitoa 256 unabaki na 107, yaani 6B.

Niliandika mistari minne ya programu ili hesabu hiyo ifanyike yenyewe, nikawasha. Mshale ulijitikisa mara moja, kama mtu anayeamshwa usingizini, kisha ukapanda bila kusita na kusimama kwenye 40. Mjomba alikuwa ameshika bilauri ya kahawa; aliiweka chini, akaniamuru niandike 100, na ulipofika huko akaniamuru nirudi 20, na tukaendelea hivyo kama watoto mpaka betri ya pikipiki ilipoanza kulegea na taa za dashibodi kufifia.

Kuna jambo moja sikulitarajia. Siku iliyofuata niliacha mshale kwenye 40 kwa nusu saa nikiwa nimekwenda kununua ming'oko sokoni, na niliporudi kilomita za dashibodi zilikuwa zimeongezeka 20. Dashibodi haijui kwamba haina matairi. Ikiambiwa inakwenda, inahesabu. Kwa hiyo sasa kifaa hutuma spidi kwa sekunde 10 tu kisha hunyamaza, maana dashibodi ni ya mteja na kilomita zake si mali yangu kuzichezea. Habari ilipoenea, wapo wawili waliokuja kuuliza kama kifaa kinaweza kuzirudisha nyuma. Mjomba aliwajibu kabla yangu, na jibu lake halifai kuandikwa hapa.

Mshale wa mafuta, kwa wanaouliza, haukuhitaji ujumbe wowote. Katika dashibodi hii unalishwa na waya wake wenyewe kutoka kwenye geji ya tangi, na kuujaribu ni kuunganisha resista kati ya waya huo na ethi.

Kifaa chenyewe sasa kimekaa kwenye ubao wa plaiwudi ukutani, kikiwa na kioo kidogo cha mistari miwili ili mjomba asihitaji kompyuta. Mstari wa juu huonyesha spidi inayotumwa. Wa chini huonyesha kihesabu cha makosa. Plagi ikiwa haijachomekwa, mstari wa chini husoma 128, kwa sababu hakuna wa kuitika. Dashibodi nzima ikichomekwa, kila ujumbe unaoitikiwa hukipunguza kihesabu kwa 1, na kwa mwendo wa ujumbe mmoja kila milisekunde 20, namba hushuka 127, 126, 125 hadi sifuri kwa sekunde mbili na nusu hivi. Wiki iliyopita kulifika dashibodi mbili kwenye boksi moja. Ya kwanza ilishuka hadi sifuri na mshale ukapanda. Ya pili iliganda kwenye 128, na kabla sijasema neno mjomba alikuwa ameshaichomoa plagi, ameigeuza kwenye mwanga, na anamwita kijana amletee sindano na msasa.